Ndururu: Habari za Senti Tano

Leo tunataka kuzungumza habari za senti tano. Wazee huiita ndururu. Vijana wengi hawajapata kuishika mkononi. Wanaisikia tu katika maneno, mtu anaposema, "Sina hata ndururu," na hawajui kwamba ndururu ilikuwa kitu cha kweli, chenye uzito na rangi, na kwamba watu walikitolea jasho.

Hapa Rudewa wengi wetu tulio wazee tulijua hesabu kabla hatujaingia darasa la kisomo. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa senti. Mtu ambaye hakujua hata herufi A alijua kutofautisha senti tano na senti ishirini, tena gizani, kwa kidole tu. Basi tunaona ni haki senti tano nayo iandikwe habari zake, kama vile zinavyoandikwa habari za watu wakubwa.

KABLA YA SENTI

Zamani sana babu zetu Wakaguru na Wasagara hawakutumia sarafu. Walibadilishana vitu. Mwenye mtama alimpa mwenye jembe, mwenye mbuzi alimpa mwenye chumvi. Misafara ilipopita huku kutoka pwani kwenda bara, ililipa kwa nguo na shanga. Nguo iliyopendwa kuliko nyingine ilikuwa merikani. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Pwani kulikuwa na fedha ya aina nyingine. Kulikuwa na reale, sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya malkia Maria Theresa wa Austria. Kulikuwa na rupia za Bara Hindi. Na chini ya rupia kulikuwa na pesa, sarafu ndogo ya shaba. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake mwenyewe, zenye picha ya mizani.

Sasa msomaji, tazama jambo la ajabu hapa. Neno "pesa" halikuwa na maana ya fedha zote. Lilikuwa jina la ile sarafu ndogo kabisa, na Wahindi huiita paisa. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Lakini kwa sababu watu wadogo kama sisi tulikuwa tukishika pesa kila siku, na rupia tukiiona kwa mbali, basi jina la kile kidogo likafunika vyote. Leo hii hata tajiri wa mabilioni anasema "pesa zangu". Anataja sarafu ya muuza mchicha, wala hajui.

HELA YA MJERUMANI

Wajerumani walipokuja, kampuni yao ilitengeneza pesa za shaba kuanzia mwaka 1890. Upande mmoja zilikuwa na tai wao, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, maana watu wa pwani walijua kusoma herufi hizo.

Halafu wakaleta kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898. Mtu wa shamba alitakiwa kulipa rupia 3 kwa nyumba yake. Hebu tupige hesabu. Rupia 3 mara pesa 64 ni pesa 192. Mtu huyu alikuwa na mtama ghalani, alikuwa na kuku, labda na mbuzi. Angezipata wapi pesa 192? Ndipo watu walipoanza kwenda kufanya kazi ya mshahara, wengine kwa kupenda, wengi kwa kulazimika. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na baadaye mashamba yake yakafika hata huku kwetu, Rudewa na Kimamba. Reli nayo ilitoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912. Sarafu ndogo zilisafiri pamoja na reli hiyo.

Wengine husema sarafu ilikuja kuturahisishia biashara. Sawa, ilirahisisha. Lakini sisi tunaona kwamba kwa mtu wa kijijini sarafu ilikuja kwanza kama deni, na urahisi ukafuata nyuma yake.

Mwaka 1904 Wajerumani walibadilisha mpango. Waliacha pesa 64, wakasema rupia moja itakuwa hela 100. Hela lilikuwa jina la senti za kwao Ulaya. Wasomaji mmekwisha kuona tunakokwenda. Neno "hela" tunalosema leo, "nipe hela", "hela imeisha", ni jina la senti ya Mjerumani. Yeye mwenyewe aliondoka zamani, senti yake imebaki mdomoni mwetu. Kwa hiyo maneno mawili makubwa ya fedha katika Kiswahili, pesa na hela, yote mawili ni majina ya sarafu za chini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza fedha zao Tabora, katika karakana ya reli. Walitengeneza sarafu za hela 5 na hela 20. Waliokota maganda ya risasi na ya mizinga, wakayayeyusha, wakapata shaba. Fikiri hapo: ganda lililotoka kuua mtu asubuhi, jioni linakwenda kununua unga. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikaisha.

SENTI YENYE TUNDU

Baada ya vita Mwingereza alitawala Tanganyika. Mwezi Desemba mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, na ofisi yake ilikuwa London. Rupia ikaondolewa. Kuanzia mwaka 1922 shilingi ikawa ndiyo fedha ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi 2. Zanzibar iliingia katika mpango huo mwaka 1936.

Shilingi iligawanywa katika senti 100. Kulikuwa na senti moja, senti tano na senti kumi, zote za shaba, na zote zilikuwa na tundu katikati. Kando ya tundu palichorwa pembe za ndovu.

Tundu lile lilikuwa la nini? Watu wengi huuliza. Nguo za watu wa wakati ule hazikuwa na mifuko. Mtu alivaa shuka, au kaniki, au kanga. Aweke wapi senti? Alipitisha kamba katika tundu, akafunga fundo, akavaa kiunoni au shingoni. Mama akienda sokoni alifungua fundo, akatoa senti moja moja kama mtu anayetoa shanga. Faida nyingine ya tundu ni kwamba madini yalipungua, na mtu asiyejua kusoma aliitambua sarafu mara moja kwa kuigusa.

Jambo jingine kuhusu madini. Mwaka 1907, huko Kenya na Uganda, Waingereza walikuwa wamejaribu kutengeneza senti kwa aluminiamu, madini yale yale ya sufuria zetu. Zilikuwa nyepesi kama karatasi. Jasho na hewa ya joto vikaziharibu upesi. Mwaka 1909 wakaziacha wakatumia madini magumu zaidi. Senti ni kitu kinachoshikwa na mikono mingi kuliko kitu chochote, kwa hiyo lazima kiwe kigumu.

Ndipo lilipotokea jina la ndururu kwa senti tano. Nalo jina la sumni kwa senti hamsini lina hadithi yake. Sumni au thumuni ni neno la Kiarabu, maana yake ni sehemu moja ya nane. Moja ya nane ya nini? Ya ile reale. Reale ilikuwa karibu rupia 2, na rupia 2 zilibadilishwa kwa shilingi 4. Gawa shilingi 4 kwa 8, unapata nusu shilingi, yaani senti 50. Watu walibadilishiwa fedha mara tatu, lakini hesabu ya zamani hawakuiacha.

Mfanyakazi wa mkonge wakati wa Mwingereza alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake, nyapara aliweka alama. Siku 30 zikitimia, analipwa. Akiumwa, au asipomaliza mistari yake, hapati alama. Basi mtu aliyefanya kazi siku 29 alikuwa bado hajaiona hata ndururu. Mikopo ya dukani ilizaliwa hapo, na wenye maduka waliandika vitabuni vitu ambavyo mwenye deni hakuweza kuvisoma. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaouliza kusoma kuna faida gani kwa mzee.

SENTI TANO YA TANZANIA

Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1961, lakini kwa miaka michache tuliendelea kutumia fedha ya Bodi ya London. Tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na Gavana wake wa kwanza alikuwa ndugu Edwin Mtei. Nchi ikatoa fedha yake.

Sarafu za kwanza zilikuwa nne: senti tano, senti ishirini, senti hamsini na shilingi moja. Upande mmoja zote zilikuwa na kichwa cha Mwalimu Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA. Upande wa pili kila moja ilikuwa na picha yake. Senti ishirini ilikuwa na mbuni. Senti hamsini, sungura. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Na senti tano, ile ya chini kabisa, ilipewa samaki wa baharini aitwaye sulisuli, mwenye pezi kubwa mgongoni kama tanga la jahazi. Sisi wa Rudewa tunaokula kambale na perege tulibishana sana juu ya samaki huyo. Wengine walisema ni ndege.

Tundu liliondoka. Watu sasa walikuwa na mifuko. Lakini mpango wa kuisaidia mikono haukuachwa. Senti tano ilikuwa na pembe 12 ukingoni. Ilikuwa nyekundu, kwa sababu ilitengenezwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini mengine kidogo ili iwe ngumu. Senti ishirini ilikuwa ya mviringo na ya rangi ya manjano. Mwaka 1977 iliongezwa senti kumi, yenye picha ya pundamilia, na ukingo wake ulikuwa na mawimbi kama ua. Kwa hiyo kipofu aliweza kuuza duka bila kuibiwa. Ni kazi ya akili hiyo, na waliobuni wanastahili sifa.

Kwa watu wa kisomo kulikuwa na kubwa kuliko hilo. Sarafu za zamani ziliandikwa Kiingereza na Kilatini. Jina la Mfalme wa Uingereza lilizunguka tundu, na sisi hatukujua ni nini. Hii mpya iliandikwa SENTI TANO. Maneno ya Kiswahili, herufi kubwa, zilizosimama wazi. Kampeni ya kufuta ujinga ilipopamba moto miaka ya 1970, si kila mtu alikuwa na kitabu nyumbani. Lakini senti tano haikukosa. Wapo wenzetu waliojifunza herufi S na T kwenye senti, jioni, karibu na kibatari. Herufi ya mwisho ya SENTI na ya mwisho ya TANO, ukizijua hizo una irabu mbili tayari.

Senti tano iliweza kununua nini? Pipi ya mtoto. Embe wakati wa maembe. Chumvi kidogo iliyofungwa katika karatasi. Ilitumika sana kwa chenji. Ukinunua kitu cha senti 45 ukatoa sumni, lazima urudishiwe ndururu. Ukiiacha mezani, mwenye duka anaiokota, na jioni anakuwa na shilingi nzima ambayo si jasho lake. Watu hawakuiacha.

KWA NINI ILIKUFA

Sasa tufike mahali penyewe. Senti tano haikufutwa kwa siku moja. Haikupigwa marufuku. Ilikufa polepole, kama mti unaoliwa na mchwa ndani huku majani yakiwa bado ya kijani.

Chukua mfano. Kijiji kina vibaba 100 vya chumvi, na watu wote pamoja wana shilingi 100. Kibaba kitauzwa shilingi moja. Sasa fedha ziongezeke zifike shilingi 400, lakini chumvi ibaki vibaba 100 vile vile. Je, kuna mtu amekuwa tajiri? Hakuna. Kibaba kitauzwa shilingi 4, basi. Hata chumvi ikipungua na fedha zikabaki pale pale, bei itapanda vile vile. Jambo hili huitwa mfumuko wa bei.

Katika Tanzania mambo hayo mawili yalitokea pamoja. Kulikuwa na ukame mwaka 1973 na 1974. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Viwanda vilikosa vipuri, maduka yakawa matupu, na serikali ilikopa benki ili mambo yaende. Bidhaa chache, fedha nyingi. Mnakumbuka foleni za sabuni na sukari.

Tuitazame senti tano kwa kipimo cha mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo tunayoyajua. Katika msimu wa 1980/81 mkulima alilipwa shilingi 1 kwa kilo ya mahindi. Shilingi moja ni senti tano 20. Gawa gramu 1,000 kwa 20. Senti tano moja ilikuwa sawa na gramu 50 za mahindi, yaani konzi moja nzuri. Katika msimu wa 1984/85 bei ilikuwa shilingi 4 kwa kilo. Hizo ni senti tano 80. Gawa gramu 1,000 kwa 80, unapata gramu 12 na nusu. Hiyo haitoshi kumlisha kuku. Katika miaka minne, ndururu ile ile, yenye samaki yule yule, ilipoteza robo tatu ya nguvu yake.

Mwaka 1984 ndio mwaka wa mwisho kuandikwa juu ya senti tano, senti kumi na senti ishirini. Baada ya hapo hazikutengenezwa tena. Mwaka 1988 ilitoka senti hamsini mpya yenye sungura yule yule na picha ya Rais Ali Hassan Mwinyi, lakini nayo haikuishi sana.

Nchi za nje walipima fedha yetu hivyo hivyo. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7 na senti 14. Tazama, hata senti 14 zilihesabiwa! Mwezi Juni 1986 dola ilifika shilingi 40. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,500. Hapo senti 14 atazitaja nani?

KOPO LA BIBI

Bibi mmoja wa hapa kwetu alikuwa akiuza karanga kwa abiria wa treni, stesheni ya Kimamba. Kila jioni alitia ndururu zake katika kopo la maziwa ya unga. Alisema anaweka akiba ya siku ya shida. Shida zilikuja, lakini zote zilitaka fedha kubwa kuliko ndururu, na kopo likabaki chini ya kitanda miaka na miaka.

Siku moja alipita kijana anayenunua vyuma chakavu. Akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta nini?"

"Natafuta shaba, bibi. Hata sufuria mbovu."

Bibi akatoa kopo. Kijana akataka kulinunua kwa kilo. Bibi akakasirika, akasema fedha ya serikali haiuzwi kama sufuria mbovu, akamwita mjukuu wake aje atusaidie kuhesabu. Ndipo sisi wa darasa tukaitwa.

Tulizipima kwenye mizani ya duka. Zilikuwa kilo mbili na nusu. Kila senti tano ina gramu 4. Kilo moja basi ni sarafu 250. Kilo mbili na nusu ni sarafu 625. Mara senti 5, ni senti 3,125. Yaani shilingi 31 na senti 25.

Bibi alinyamaza. Kwa bei ya msimu wa 1980/81, kopo lile lingenunua zaidi ya kilo 31 za mahindi, karibu madebe mawili kasoro kidogo. Kwa bei ya 1984/85, lingenunua kilo 7 na robo tatu hivi. Leo shilingi 31 haimpi mtoto pipi moja. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Kopo halikuguswa. Hata hivyo karanga za miaka yote zilikuwa zimeibiwa ndani ya kopo.

Na hapa kuna kichekesho kichungu. Shaba ya kilo mbili na nusu kama madini ina thamani ya maelfu ya shilingi. Chuma kimekuwa na thamani kuliko maandishi yaliyo juu yake. Jambo hili halijatupata sisi peke yetu. Marekani senti yao moja ilifika kugharimu zaidi ya senti 3 kuitengeneza, na mwezi Novemba 2025 waliacha kuitengeneza kwa matumizi ya kila siku. Huko Chile, Amerika ya Kusini, waliacha kutoa sarafu za peso moja na peso tano mwaka 2017. Wenye duka huko wakaambiwa wakadirie hesabu kwa kumi iliyo karibu, juu au chini. Jambo zuri ni kwamba walipewa sheria ya kukadiria. Kwetu senti zilipopotea hatukuona sheria ya namna hiyo kijijini. Kila mwenye duka alikadiria kwa upande wake.

Bibi alifikaje mwisho wa jambo lake? Alichagua ndururu chache zilizoandikwa 1966, akawagawia wajukuu. Nyingine amezirudisha chini ya kitanda. Tulimwambia akiba ya sasa iwe kuku, au mabati, au hisa za chama cha kuweka na kukopa. Akatujibu kwamba kuku nao hufa kwa kideri. Hatukuwa na jibu la haraka.

NANI ANAUMIA

Sarafu ya chini ikipotea, tajiri haoni tofauti. Yeye ananunua gunia. Anayeumia ni yule anayenunua kijiko cha mafuta, nyanya tatu, nusu kibaba cha maharage. Bei zake haziwezi kupanda kwa senti tano, kwa sababu senti tano haipo. Lazima zipande kwa ngazi nzima. Kitu cha shilingi 100 hakiwi 105, kinakuwa 150. Na ukidai chenji, unaambiwa, "Chukua kiberiti," au, "Chukua pipi." Ulitaka kiberiti? Hukutaka.

Siku hizi sarafu zinazozunguka ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Ile ya 50 ilitolewa mwaka 1996, ina pembe saba na picha ya kifaru na mtoto wake. Ile ya 500 ilitolewa mwaka 2014, ina picha ya nyati. Ilichukua nafasi ya noti ya 500, kwa sababu noti ile ilikuwa ikichakaa upesi mikononi mwetu. Shilingi 50 ni sawa na ndururu 1,000, yaani kilo nne za ndururu. Mtu akikuambia kwamba hapokei hamsini, mwambie kwa upole kwamba ni fedha halali ya nchi.

Kwa wenye kuficha noti kwenye vibuyu na mitoni, kuna habari ya karibuni. Benki Kuu iliziondoa noti za zamani za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Watu walipewa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025. Tangazo lilitolewa kwa maandishi na redioni. Waliosoma au kusikia walikwenda benki.

Senti zenyewe hazijatoweka kabisa. Zimehamia kwenye karatasi. Ukinunua umeme wa LUKU, soma risiti yako vizuri. Utaona kodi na tozo zimeandikwa mpaka senti, tarakimu mbili baada ya nukta. Huwezi kuzishika, lakini unazilipa.

Kama una sarafu za zamani nyumbani, unaweza kuzipima kwa sumaku ya redio mbovu. Senti za mwaka 1966 hazivutwi na sumaku, kwa sababu hazina chuma ndani. Senti hamsini ya mwaka 1988 huvutwa, maana ni chuma kilichofunikwa nikeli. Zile zenye tundu hazivutwi. Zisugue kwa majivu na ndimu kidogo, halafu soma mwaka ulioandikwa. Tungependa kujua ni nani hapa Rudewa, Kimamba au Dumila mwenye ya zamani kuliko wote.